UZI: Matamasha ya sanaa na hadithi huku Nyanda za Juu Kusini, mbona msimuliaji ndo anapewa dakika tano?

Mnyalu wa Kihesa

Wakuu kamwene, na wa upande wa Mbeya ndaga fijo kwa kupita hapa.

Kuna jambo limenikaa kooni muda, leo naliweka mezani. Haya matamasha ya utamaduni na sanaa yanayofanyika huku kwetu, Iringa, Njombe, Mbeya mpaka Songwe, mimi nayapenda na nikipata nafasi nahudhuria, ila kuna kitu kinajirudia kila mara na watu wanaona kawaida. Chukua ratiba yoyote uisome. Kuwasili kwa wageni, wimbo wa taifa, utambulisho wa meza kuu, risala, ngoma, neno la mdhamini, ngoma tena, hotuba ya mgeni rasmi, zawadi, burudani, kufunga. Ukikaza macho vizuri, kati ya risala na neno la mdhamini utakuta kimstari kimeandikwa "masimulizi ya jadi, dakika 5". Hapo ndo anapandishwa bibi wa watu aliyetolewa kijijini tangu alfajiri.

Na hizo dakika tano zenyewe sasa. Kuna tamasha moja nilikaa karibu kabisa na jukwaa (sitaji la nani, sijaja kugombana na mtu), bibi kapandishwa na kitenge chake kipya, kapewa maiki kaishika mbali na mwili kama aliyeshikishwa kinyonga, anasema "hadithi hadithi", wanaoitikia "hadithi njoo" ni watoto wa mbele tu, wa nyuma wanakula mahindi ya kuchoma hawana habari. Spika zikapiga ukelele, MC anamwambia bibi sogea huku, bibi anasogea anaanza upya. Ndo kwanza alikuwa amefika pale fisi anapokubali kuingia kwenye gunia, MC akamgusa bega, "ahsante sana bibi yetu, makofi kwa bibi jamani!" Bibi kashuka na hadithi yake nusu. Mtoto mmoja pale mbele akauliza kwa sauti, "sasa fisi ikawaje?" Hakuna aliyemjibu, DJ alishaachia wimbo.

Hoja yangu ni kwamba tunachukua hadithi tunaipima kwa kipimo cha ngoma. Ngoma ni ya uwanja, watu elfu wanaweza kuiona na ikawa bora zaidi kwa sababu ya umati. Hadithi inataka watu wachache, wakae karibu, waone uso wa anayesimulia, waitikie, na ule wimbo unaojirudia ndani ya hadithi wauimbe wao, sio wasikilize. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hasimulii mchana hata umpe nini, anakwambia nenda kaletee ng'ombe maji. Usiku moto ukishawaka ndo anaanza, na hadithi moja inaweza kula saa nzima kwa sababu anaikatiza kuuliza maswali, anamsema mjukuu mvivu humohumo kupitia sungura, anarudi.

Kwa hiyo napendekeza hivi kwa yeyote anayeandaa tamasha la mtaa, kata au wilaya: jukwaa kubwa liacheni lifanye ya jukwaani. Pembeni washeni mioto mitatu minne, kila moto na msimuliaji wake, watu thelathini arobaini wanazunguka, hamna spika. Baridi ya Iringa mwezi wa saba mnaijua, nani atakataa kuota moto?

Na vitu vya kusimulia sio sungura peke yake. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya kamanda wao Zelewski kilimalizwa na Wahehe pale Lugalo na yeye mwenyewe akafia palepale. Ngome ya Kalenga ikaja kuangushwa 1894, Mkwawa akaendelea kuwasumbua Wajerumani porini mpaka alipojipiga risasi Mlambalasi 1898. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, na suala lake likaingia mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, fuvu lirudishwe. Likarudi 1954! Sasa hivi liko makumbusho ya Kalenga, pua na mdomo kutoka mjini. Mtoto wa Iringa anapita Lugalo ndani ya basi la Dar amelala. Na tamthilia inayojulikana sana kuhusu huyu mtwa (chifu wetu), Mukwava wa Uhehe, imeandikwa na Profesa Mulokozi, mtu wa Kagera. Namshukuru sana, ila Wanyalukolo wenzangu sisi tuko wapi? Kuna wazee Kalenga na vijiji vya jirani wana habari za vita ile walizopewa na babu zao, na kila ukoo unasimulia kivyake, wengine wanabishana kabisa. Huo ubishi wenyewe ungekaa kwenye moto mmoja ingekuwa raha tupu.

Karibuni, mwenye uzoefu aseme.

---

Sokomatola Finest

Uzi mzuri mkuu ila tuongee ukweli. Nani saizi anakaa kumsikiliza fisi kwenye gunia? Vijana wako kwenye simu, sekunde kumi na tano kashatelezesha kidole kaenda kingine. Ukitoa bongofleva kwenye bango watu hawaji, ukimtoa mgeni rasmi mdhamini haji, maana mdhamini anakuja kupiga picha na mgeni rasmi, hadithi yako haimhusu. Mi nimefanya sana hizi kazi za kupanga matukio hapa Mbeya, kama huna msanii wa kupanda saa kumi na mbili watu wanaanza kusepa saa tisa wawahi daladala. Hiyo mioto utaota wewe na bibi yako.

---

Mnyalu wa Kihesa

Kuota moto na bibi yangu mbona ni jambo jema tu mkuu, wengine hawana hiyo bahati 😂

Ila sijasema msanii aondolewe. Apande, aimbe, watu wacheze. Nachosema asitengewe saa mbili na bibi dakika tano kwenye tamasha ambalo bango lake limeandikwa kwa herufi kubwa URITHI WETU.

---

Binti wa Tukuyu

Sokomatola hapo kwenye watu hawaji nakukatalia. Huku Rungwe tuna lile tamasha la ngoma za jadi la Tulia, vikundi vinatoka mikoa mbalimbali, watu wanajaa uwanja na ni ngoma tupu, ing'oma yetu ikipigwa wamama wanaacha biashara zao wanakimbilia kushangilia. Watu wa kwao wanakipenda cha kwao, tatizo ni kinavyoletwa.

Sema Mnyalu yuko sahihi kwamba ngoma imeshapata jukwaa lake na hadithi bado. Nikiangalia hapa kwetu kuna utajiri wa stori hadi unachoka. Ziwa Masoko peke yake, wengine mnaliita Kisiba, kila mzee ana toleo lake la Wajerumani walivyotupa hela na silaha zao ziwani kipindi cha vita ya kwanza, wengine wanakwambia waliona sarafu kwa macho yao. Iwe kweli iwe chumvi mi sijali, ninachotaka ni kumsikia mzee anayejua kuipika.

Kingine ambacho watoto wetu hawakijui: zamani Wanyakyusa vijana wa rika moja walikuwa wanatoka kwa wazazi wao wanaanzisha kijiji chao wenyewe, wanakaa marika, wanakula pamoja, wanakua nacho. Watu wazima wanashangaa nikiwaambia. Na mimi nilikijua wapi? Kwenye kitabu cha Monica Wilson, yeye na mume wake walikaa huku miaka ya 1930 wakifanya utafiti, kitabu kikatoka 1951. Yaani habari ya babu yangu nimeikuta chuo kwa Kiingereza, nimerudi nyumbani namuuliza babu mdogo anasema "kumbe hata hayo mnafundishwa?" akaanza kunihadithia mpaka usiku, na alikuwa na mambo ambayo kwenye kitabu hamna kabisa, visa vya nani alimwibia nani ndizi kwenye hicho kijiji cha vijana na faini iliyotozwa. Nilikuwa nimekaa naye miaka yote na sikuwahi kuuliza maana hakuna mahali pa kuuliza maswali kama hayo. Tamasha ndo lingekuwa mahali penyewe.

---

Fundi Mitambo

Naingilia kwenye hoja ya maiki maana mnatulaumu bure mafundi. Ule ukelele unatokea hivi, maiki ikikaa mbele ya spika, sauti inayotoka kwenye spika inarudi kuingia kwenye maiki, inatoka tena, inaingia tena, inazunguka mpaka inalia. Sasa bibi anaishika maiki huko kifuani, sauti haifiki, MC ananikazia macho niongeze, nikiongeza inalia. Hapo fundi afanyeje?

Dawa yake: spika zisogezwe mbele ya jukwaa kabisa na msimuliaji akae nyuma yake. Maiki iwe ya kubana kwenye nguo, au iwekwe kwenye stendi fupi mbele ya stuli, bibi akae chini kama alivyozoea, mikono iwe huru, maana msimuliaji bila mikono ni nusu msimuliaji. Na umwache ajaribu kabla watu hawajaja, sio anaiona maiki kwa mara ya kwanza watu elfu wanamtazama.

Kwa ile mioto ya Mnyalu hamna haja ya maiki. Watu arobaini wakikaa nusu duara sauti ya kawaida inatosha, ila mzingatie upepo. Viwanja vyetu vingi viko wazi, Makambako kwa mfano upepo wake mnaujua, ukiwasha moto katikati ya uwanja moshi unawapiga watu machoni na sauti inachukuliwa. Tafuteni nyuma ya jengo au kwenye miti. Na jenereta liwe mbali jamani, mita mia au zaidi, kuna sehemu walilifunga nyuma ya turubai la washairi, washairi wakawa wanagombana na jenereta.

---

Mkinga wa Duka

Mnaongea utamu wa sanaa, hela hamjaigusa. Mi nauliza kama mfanyabiashara, nani analipa?

Hapo kwenye malipo pananiuma kidogo maana shangazi yangu ni mwimbaji wa nyimbo za harusi za kwetu Makete, kaitwa kwenye shughuli moja kubwa tu, kapewa soda, sahani ya wali na fulana. Msanii wa kutoka Dar kalipwa hela yake yote kabla hajapanda gari. Shangazi akasema sio mbaya fulana ni nzuri. Mimi ndo nilikasirika.

Kwa hiyo mkitaka msimuliaji aheshimike kwanza muwekeeni hela yake kwenye bajeti, iandikwe kabisa kama ya msanii mwingine yeyote, sio ile posho ya kubahatisha anayopewa mkononi kwenye bahasha ya kaki. Nauli ya kwenda na kurudi na mtu wa kumsindikiza, pa kulala, na malipo yake. Mzee wa miaka themanini huwezi kumpandisha bodaboda saa mbili usiku.

Halafu mkipanga mahali na siku, msianzishe soko jipya, fuateni soko lililopo. Pale Matema kuna mnada wa Jumamosi Lyulilo, wamama wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe, watu wanatoka mbali kuvifuata. Umati tayari upo, mafundi wa sanaa tayari wapo, wewe unaleta hadithi na vitabu tu. Iringa hivyohivyo, kina mama wa vikapu vya milulu, vile vikapu vinauzwa mpaka Ulaya, ila mwambie mmoja asuke mbele ya watu huku anasimulia alivyofundishwa, uone kama hajakusanya watu kuliko MC. Na mwezi wa nane viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya si vinajaa Nane Nane? Banda moja la hadithi linakushinda nini?

Vitabu sasa. Kitabu cha elfu kumi na tano kwa mtu aliyekuja na elfu tano, na ndani ya hiyo tano kuna nauli na soda za watoto, hakinunuliki. Wekeni meza ya vitabu vilivyotumika, wekeni vitabu vyembamba vya watoto, wekeni kubadilishana, unaleta kimoja unachukua kimoja. Maktaba ya mkoa ipo Mbeya na ipo Iringa, waombeni waje na mkeka na makasha mawili ya vitabu watoto wasome palepale. Mtoto akisoma nusu ikamnogea atamsumbua baba yake mpaka kinunuliwe, hiyo ni akili ya biashara.

---

Mwalimu wa Kidato

Mkinga umeongea kama mhazini wa kanisa, safi.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, niwaambie kitu ambacho kinanichekesha na kunisikitisha. Kila mwaka nafundisha fasihi simulizi. Wanafunzi wanakariri fanani, hadhira, jukwaa, sifa za fasihi simulizi, tofauti kati ya ngano na visasili, mtihani unakuja wanajibu vizuri kabisa wanapata alama. Siku moja nikauliza darasa zima nani amewahi kukaa akasimuliwa hadithi na mtu, uso kwa uso, mwanzo mpaka mwisho. Mikono iliyonyanyuka ilikuwa michache hadi nikadhani hawajasikia swali. Yaani wanajua sifa za kitu ambacho hawajawahi kukutana nacho.

Basi nikamwita mama mmoja anauza mbogamboga jirani na shule, nilikuwa namsikia anavyowachangamsha wateja wake kwa vitendawili. Kaja kasimama mbele ya ubao, hana karatasi. "Kitendawili!" Darasa: "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Hicho wakakijua, yai, wakajiona wajanja. Akawapa kingine, wakabuni weee wakashindwa, akasema nipeni mji. Hawakujua afanye nini na mji! Mmoja wa nyuma akasema haya chukua Mbeya. Mama akasema, "Mbeya nimekwenda, nimefika Mwanjelwa nimekula ndizi nimeshiba, nimenunua mchele wa Kyela, kiroba kikapasuka njiani, nikakutana na mwalimu wenu anaokota punje moja moja..." Darasa likalipuka. Hata kabla hajatoa jibu nilishajua kwamba vipindi vyangu vya wiki mbili vimepigwa bao na muuza mchicha.

Kwa hiyo mkiandaa tamasha, shule ziwe ndani, na sio kwa kuwapanga wanafunzi juani waimbe shairi la kumsifu mgeni rasmi. Wapeni kazi kabla, kila mtoto akachukue hadithi moja nyumbani, kwa bibi, kwa mjomba, kwa jirani, aje nayo aiandike. Zile bora zisomwe kwenye tamasha, na mwenyewe bibi aliyeitoa akae mstari wa mbele. Hapo fasihi simulizi na andishi zimekutana bila hotuba.

Na kuna vijana wanaandika jamani, msiwadharau. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inatolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Kuna tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Kijana wa Mafinga anasikia hizo tuzo kwa mbali tu. Tamasha la mtaani ndo mahali pa kumwambia fomu ziko wapi, mswada unaandaliwaje, na kama anataka kujichapishia mwenyewe, ISBN (ile namba ya utambulisho wa kitabu) anaipata Bodi ya Huduma za Maktaba.

---

Sokomatola Finest

Mwalimu hiyo ya kuokota punje imeniua 😂😂 huyo mama alipwe.

Haya nalegeza kidogo. Swali langu sasa ni lugha. Bibi akisimulia kwa Kihehe mimi Mndali nafanya nini pale kwenye moto? Na akisimulia kwa Kiswahili cha kuombea, utamu unapotea. Mbeya mjini hapa kuna Wasafwa, Wanyakyusa, Wanyiha, Wandali, Wasangu, Wakinga ndo usiseme wamejaa kila duka, utachagua ya nani?

---

Binti wa Tukuyu

Sio ngumu. Hadithi iende kwa Kiswahili, ule wimbo wa ndani ubaki kwa lugha yake. Wimbo ndo unaonata, watu wataimba hata wasipojua maana, mbona tunaimba nyimbo za Kikongo tangu tuzaliwe. Halafu moto mmoja uachwe uwe wa lugha ya wenyeji moja kwa moja hamna kutafsiri, anayetaka akae anayetaka ahame. Utashangaa watakaojaa pale, hasa hawa waliokulia Dar wanaotaka kusikia tena alivyokuwa anaongea mama yao.

Na kwaya msizisahau. Huku wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe 1891, mwaka uleule wa Lugalo kumbe, na matarumbeta yao yamekuwa ya kwetu kabisa, tamasha la sanaa za Rungwe bila tarumbeta halijakamilika.

---

Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu siandiki, leo niwachokonoe kwenye jambo moja. Kurekodi.

Siku hizi mzee akifungua mdomo simu ishirini ziko juu. Kesho yake hadithi yake iko kwenye chaneli ya mtu, ina matangazo, jina la mzee halipo, imeandikwa "hadithi ya kale ya Kiafrika". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ile inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, inagusa mpaka sanaa za jadi, haijaziacha ziwe shamba la bibi la kila anayetaka kutengeneza hela nje ya mazingira yake ya asili. Watu wanadhani kwa sababu hadithi haina mwandishi basi haina mwenyewe.

Waandaaji waulize kabla, mbele ya ndugu zake, mzee unakubali kurekodiwa? Itumike wapi? Jina liandikwe na kijiji kiandikwe. Akikataa basi, simu zikae mfukoni, na MC atangaze bila aibu. Na nakala moja iende shule ya hapo kijijini au makumbusho, Iringa si kuna lile boma la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho, ziwekwe pale watu wazikute. Vibali vya tukio lenyewe anzeni mapema kwa afisa utamaduni wa halmashauri, sio wiki ya tukio mnaanza kukimbizana na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

---

Fundi Mitambo

Naongezea kwa wanaorekodi, simu iliyonyanyuliwa mita kumi inachukua sauti ya watoto wanaolia na jenereta. Weka simu moja tu chini karibu na mzee, kwenye kitambaa, ndege mode, mwache. Inatosha sana.

---

Mnyalu wa Kihesa

Aisee nimeamka nimekuta uzi umenona hivi, asanteni wakuu.

Nijibu la muda maana Sokomatola aliligusa na lina uzito, daladala. Mioto isianze saa tatu, ianze saa kumi na mbili jua likizama, saa mbili watu wanatawanyika. Mwezi wa saba giza linaingia mapema tu. Kuhusu lini, mi nashikilia Julai, mahindi yameshavunwa, barabara za vijijini zinapitika, wazee hawako shambani, na watu wana visenti. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, mnaweza kuegemea hapo mkapata hata ofisi za kuwaunga mkono, na tarehe 19 ndo siku aliyofia Mkwawa kwa hiyo kwa Iringa mwezi wenyewe unajipanga. Kibaya chake ni baridi, Njombe asubuhi unakuta majani yana barafu, kwa hiyo mablanketi kwa wazee yawe kwenye bajeti ya Mkinga kabla ya fulana za kamati.

Mimi na jamaa kadhaa huku Kihesa tunataka kuanza kidogo, ngazi ya mtaa, mioto miwili tu, meza ya vitabu vya kubadilishana na kina mama wa milulu. Hatuna mgeni rasmi. Mwenyekiti wa mtaa atakaribishwa ila atakaa kwenye mkeka na yeye aandae hadithi yake. Mwalimu ile kazi ya wanafunzi kuchukua hadithi nyumbani naiiba. Mwenye bibi au babu anayejua kusimulia na yuko Iringa, Kilolo au Mufindi aje pm, gharama za usafiri tunachanga, na tafadhali kamuulizeni mwenyewe kwanza kabla hamjamtaja.

---

Sokomatola Finest

Nakuja. Nitaleta viti.

---

Mnyalu wa Kihesa

Viti vya plastiki hapana mkuu, karibu na moto vitayeyuka. Leta magogo.

---

Mkinga wa Duka

Swali la msingi halijaulizwa. Ulanzi utakuwepo?

---

Mnyalu wa Kihesa

Mkinga na wewe, ulanzi wa mwezi wa saba utautoa wapi, mianzi inagemwa masika. Tutachemsha chai ya Mufindi, tangawizi njoo nayo wewe mwenye duka.